Joto kama Swichi ya Jeni: Uunganishaji wa Altrasaundi Lengwa na Tiba ya Jeni dhidi ya Saratani

Tiba ya jeni dhidi ya saratani hulenga kuingiza katika seli za uvimbe jeni itakayoziangamiza. Kikwazo chake kikuu ni udhibiti. Virusi vinavyobeba jeni, vikiingizwa katika damu, havibaki mahali pamoja. Adenovirusi, kwa mfano, hukusanyika kwa wingi katika ini. Hatari ya virusi hivyo ilidhihirika mwaka 1999 nchini Marekani, pale Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 mwenye ugonjwa wa kurithi wa ini, alipofariki katika majaribio ya tiba ya jeni. Swali la msingi, basi, ni namna ya kuifanya jeni itende kazi mahali na wakati unaotakiwa tu.

Jibu mojawapo lina asili katika ugunduzi wa Ferruccio Ritossa, aliyeripoti mwaka 1962 kuwa joto huamsha jeni mahususi katika seli za inzi wa matunda. Promota ya jeni mojawapo ya aina hiyo, HSP70, huweza kuunganishwa na jeni ya tiba. Katika joto la kawaida la mwili, jeni hiyo kwa kiasi kikubwa hubaki imelala. Huamka seli zinapofikia takribani nyuzijoto 43 za sentigredi kwa dakika kadhaa.

Altrasaundi lengwa ndiyo huleta joto hilo. Mawimbi ya sauti hupenya ngozi bila kuichoma na kukutana katika eneo la milimita chache, huku MRI ikipima joto papo hapo. Kundi la Chrit Moonen, Bordeaux, Ufaransa, lilidhihirisha mbinu hii kwa wanyama wa maabara.

Ifahamike kuwa joto hapa ni amri, si silaha. Likizidi mno, seli hufa kabla ya kutengeneza protini inayohitajika. Jeni ikiwa ni ya timidini kinasi ya virusi vya herpesi, kimeng'enya chake huanzisha ugeuzaji wa dawa ya gansiklovia kuwa sumu inayozuia unakili wa DNA, na sumu hiyo huweza kuua hata seli jirani zisizopokea jeni.

Hata hivyo, mfupa na hewa huzuia mawimbi, upumuaji husogeza shabaha, na baadhi ya seli za saratani huamsha HSP70 bila kupashwa joto. Aidha, joto haliwezi kuamsha jeni ambayo haijaifikia seli. Kwa hiyo, mbinu hii hutatua tatizo la udhibiti kuliko lile la usafirishaji.