Kabla Hujampa Mtoto Pikipiki Kubwa

Na Mwandishi Wetu

Mtoto wa miaka mitano anapomwambia baba yake kwamba pikipiki yake imekuwa ndogo, husema kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Magoti yake yameanza kugusa usukani. Hilo halina ubishi. Lakini mkono wake wa breki bado ni mchanga, na mkono huo ndio utakaomwokoa au kumwangusha akipandishwa kwenye chombo kikubwa zaidi.

Tunazungumzia pikipiki ndogo za umeme za watoto, ambazo zimeenea sana huko Marekani na Ulaya. Zisichanganywe na zile ambazo wasomaji wetu wameziona Nairobi na Kigali zikibeba abiria. Hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya barabara. Mahali pake ni uwanjani, kwenye nyasi, au katika njia za mashindano ya watoto. Mlio wake haushindi ule wa cherehani, na pengine ndiyo sababu wazazi huziona kuwa ni vitu vya kuchezea.

Tuchukue mfano wa pikipiki za Stacyc, kampuni iliyoanzia California na kununuliwa na Harley-Davidson mwaka 2019. Ile ya kwanza, 12eDrive, hukusudiwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Uzito wake ni kama kilo 8, na mwendo wake wa juu kabisa ni kama kilomita 14 kwa saa. Inayofuata, 16eDrive, ni ya miaka mitano hadi saba na hufika kama kilomita 21 kwa saa.

Kutoka 14 hadi 21 huonekana kuwa si kitu. Lakini nguvu ya kishindo haipandi sawa na mwendo. Hupanda kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, kishindo cha kugonga mti au ukuta huongezeka zaidi ya mara mbili. Mtoto ni yule yule, mifupa ni ile ile.

Hatua ya baadaye ni kubwa zaidi. KTM ya Austria ilitoa mwaka 2019 pikipiki ya umeme ya mashindano ya watoto, SX-E 5, yenye uzito wa karibu kilo 40. Mtoto wa miaka sita, kwa wastani, ana uzito wa kilo 20 hivi. Ikimlalia mguu, hawezi kuiinua. Kwa hiyo mzazi asiyeweza kukimbilia pale mwanawe alipoangukia hana budi kungoja.

MKONO UNAOSALITI

Jambo ambalo wazazi wengi hawalitambui ni hili: mota ya umeme hutoa nguvu zake tangu inapoanza kuzunguka. Haina klachi, haina gia, wala haina ngurumo ya kumtahadharisha mtoto kwamba chombo kinataka kuondoka. Mtoto akishtuka, mwili wake huegemea nyuma na mikono yake huvuta usukani. Kifundo cha mkono wa kulia nacho hupinda, na kumbe ndicho kinachoongeza mwendo! Hofu ikizidi, hushikilia zaidi, na pikipiki hukimbia zaidi. Katika pikipiki ndogo huishia kwenye nyasi akilia. Katika kubwa huishia mbali zaidi.

Basi kinachopasa kupimwa si umri wala ari. Mchoree mstari ardhini kwa chokaa, umwambie aje kwa mwendo wake wa kawaida na kusimama hapo kwa breki ya mkono. Akiburuza nyayo, bado. Afanye hivyo mara kumi, siku tofauti, pamoja na siku aliyochoka. Kisha, akiwa katika mchezo wake, mwite ghafula: "Simama!" Umtazame kifundo cha mkono, usimtazame uso. Kikilegea kwanza, ndipo breki ishikwe, mtoto huyo amekwisha kujifunza jambo ambalo baadhi ya watu wazima hawalijui. Aidha, aweze kusimama juu ya vikanyagio na kuteremka mteremko mdogo mota ikiwa imezimwa.

Urefu nao upimwe, si kukisiwa. Pima ndani ya mguu, kutoka kinena hadi sakafuni, kisha linganisha na kiti. Kiti cha 16eDrive kiko sentimita 43 hivi kutoka ardhini. Nyayo zote mbili ziguse chini bila mtoto kujinyoosha.

Hapa ndipo tabia yetu ya kununua sare za shule kubwa kwa kuwa "atakua" inapotuponza. Shati kubwa hukunjwa mikono. Pikipiki kubwa haikunjwi. Na kofia ngumu kubwa, inayozunguka kichwani, haimlindi mtu.

Pikipiki ikishabadilishwa, mtoto aanze kwa kuisukuma ikiwa imezimwa, ajue uzito wake na zilipo breki zake. Kisha iwekwe kwenye mwendo wa chini kabisa. SX-E 5 ina ngazi sita za nguvu. Pikipiki za OSET, kampuni ya Uingereza iliyonunuliwa na Triumph mwaka 2022, zina virekebishi vya mwendo, nguvu na wepesi wa kuitikia, kila kimoja peke yake. Virekebishi hivyo ni vya mzazi. Ongeza kimoja tu kwa wakati mmoja, na nguvu ije mwisho.

Wapo wasemao kwamba mtoto asipande kabisa. Si maneno ya kupuuzwa. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, kilieleza mwaka 2000 kwamba vyombo vya moto vya nje ya barabara, vikiwamo vya magurudumu mawili, ni hatari hasa kwa walio chini ya miaka 16. Mzazi anayeamua kinyume chake ajue anaamua nini, na mama na baba waamue pamoja, si mmoja kumshtukiza mwenzake kwa zawadi.

Ile ndogo isiuzwe upesi. Kwa miezi michache ya mwanzo iachwe pale pale, betri ikiwa imechajiwa, ili mtoto akiogopa ile kubwa aweze kuirudia bila kuomba na bila mtu kumcheka.