Dawa ya Magugu na Mti wa Jirani

Yafaa wakaaji wa Majengo, Nairobi, na wa kila mahali ambapo nyumba zimekaribiana, wajue kwamba dawa ya kuua magugu katika nyasi yaweza kuua na miti. Dawa iitwayo 2,4-D, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1940, huua mimea yenye majani mapana na kuziacha nyasi. Lakini mpapai na mwembe pia ina majani mapana, na dawa haibagui.

Dawa huufikia mti kwa njia tatu. Matone huchukuliwa na upepo. Jua likiwa kali, dawa nyingine hugeuka mvuke. Na nyingine, kama dikamba, huzama na mvua hata mizizini, nayo mizizi huenea kupita kivuli cha matawi. Dalili yake ni majani machanga kujikunja na kupindapinda.

Basi nyunyiza siku isiyo na upepo wala jua kali, mbali na miti, kwa bomba lisilotumiwa kwa kazi nyingine. Mti ukidhurika, usiukate upesi. Umwagilie maji, ungoje majani mapya, na matunda yake ya msimu huo yasiliwe. Penye kiwanja kidogo, jembe latosha, nalo halimdhuru jirani.