Arnebia: Ua la Jangwani Lenye Mzizi Mwekundu

Mvua za majira ya baridi zikinyesha huku Ghuba, mchanga uliokuwa mtupu huota majani. Wanaokwenda kupiga hema jangwani huenda wamekwisha kukanyaga mmea mfupi, wenye manyoya makali na vijiua vya manjano. Wataalamu huuita Arnebia. Ukoo wake mdogo una aina zipatazo 25 tu, kuanzia Afrika ya Kaskazini hadi Asia ya Kati.

Jina hilo asili yake ni Kiarabu: arnab, yaani sungura. Alilichukua kwa wenyeji Peter Forsskål, Mswidi aliyekuwa katika msafara wa mfalme wa Denmark. Alifariki Yemen mwaka 1763, na mwenzake Carsten Niebuhr akakichapisha kitabu chake mwaka 1775.

Ung'oe mmea huo utaona mzizi una ganda jekundu. Rangi yake haiyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Wanawake wa Kibedui waliijua siri hiyo, wakaitumia kupaka mashavuni.

Lakini kupaka ni jambo moja, na kunywa ni jingine. Katika jamaa hii kubwa ya mimea, mingi ina sumu inayodhuru ini. Binamu yake mmoja ni ramramu, ambayo watu wa Ghuba wameitumia tangu zamani kama dawa ya kuumwa na nyoka. Huko Herat, Afghanistan, katika miaka ya 1970, mbegu za mmea wa ukoo wa ramramu zilichanganyika na ngano shambani. Watu walikula mkate wao wa kila siku, na maelfu wakaugua ini, matumbo yakavimba, wengi wakafa.

Sumu hii haina haraka. Mtu hunywa leo asione kitu, kumbe ini linaharibika polepole. Kuchemsha hakuiondoi. Walio katika hatari zaidi ni watoto na wajawazito.

Basi akina bibi na akina mama, majani ya jangwani msiwachemshie wajukuu. Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja. Na aliyekwisha kunywa dawa ya majani amwambie daktari bila kuona haya.

Mila ya wazee tuihifadhi. Mjukuu akiuliza, mwonyeshe ua, mkwarulie mzizi aione rangi, kisha anawe mikono.