Tarime haina aurora, ina anga la pande mbili

Usiku wa Mei 10, 2024 jua lilifanya vituko. Kundi la madoa ya jua lililopewa namba AR3664 lilikuwa limerusha mawingu ya chembe kuelekea duniani, na yalipogonga usumaku wa dunia ikazuka dhoruba ya usumaku kali kuliko zote tangu mwaka 2003. Mianga ile ambayo kwa kawaida huonekana Norwei na Kanada, yaani aurora, ilishuka mpaka Mexico na milima ya Ladakh, India. Upande wa kusini nao haukubaki nyuma: Hermanus, Afrika Kusini, watu walipiga picha ya anga lililoiva wekundu.

Tarime, mkoani Mara? Hakuna kitu. Waliotaka kuiona waliiona kwenye WhatsApp.

Jua halina ubaguzi. Karibu na ncha za dunia mistari ya usumaku huzama ardhini takribani wima, na chembe za jua hushuka nayo kama maji kwenye mfereji. Zikigonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita mia na ushee hutoa kijani. Juu ya kilomita 200 hutoa wekundu. Huku kwenye ikweta mistari hiyo hulala, haizami, hivyo chembe hazina njia ya kutufikia. Tarime iko digrii moja na ushee tu kusini mwa ikweta. Atakayesubiri aurora pale atasubiri sana.

Ila kukaa katikati kuna faida zake, na wapiga picha wa Mara hawajazitumia vya kutosha. Mwezi Mei, kuanzia saa tatu usiku, mtu aliyesimama kwenye kilima chochote cha Tarime chenye upeo wazi huona zile nyota saba zenye umbo la kata zikining'inia kaskazini. Akigeuka nyuma, Msalaba wa Kusini umesimama karibu kimo kilekile. Mkazi wa Tromsø, mji wa Norwei unaosifika kwa aurora, hauoni Msalaba huo akiwa kwao hata siku moja. Tena kuanzia mwishoni mwa Mei hana usiku kabisa. Jua halizami mpaka karibu mwisho wa Julai.

Kisha kuna radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na nyingi hupiga usiku: nchi kavu inapopoa, maji hubaki na joto, upepo wa pande zote hukutana juu ya ziwa na mawingu huumuka. Kutoka miinuko ya Tarime inayotazama Rorya, upande wa ziwa, mimuliko hiyo huonekana mbali huku juu ya kichwa nyota zinawaka. Hiyo ni picha ambayo mpiga picha wa aurora angeionea wivu.

Vifaa si vingi. Simu janja yenye kamera ya usiku, tripodi, na mkono usiotikisika. Mwenye kamera kubwa aache lenzi wazi kwa sekunde 15 hivi, asubiri radi ijilete yenyewe. Taa za mgodi wa dhahabu wa Nyamongo na za mji zipewe mgongo. Hifadhini Serengeti wageni hawaruhusiwi kujiendeshea magari usiku, na vijiji vinavyopakana nayo hupitiwa na tembo, kwa hiyo kwenda peke yako si ushujaa, ni ujinga.

Watanzania wanajua kutoka kwa pamoja kutazama anga. Septemba 1, 2016 umati ulikusanyika Rujewa, Mbeya, kuona jua likipatwa na kubaki pete, baada ya wataalamu kama Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria kulitangaza tukio hilo mapema.

Kwa atakayetaka kuanza, Agosti ni mwezi mzuri: mvua imepungua, na ifikapo saa tatu usiku kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota angani, kiko juu kabisa. Chagua wikiendi ambayo mwezi haujaandama au ndio kwanza umeandama, chukua marafiki wawili watatu, na mwambie mwenye shamba kabla hamjapanda kilima chake.