Je, Wajua? Kompyuta ya Soko la Hisa Haisifiwi kwa Mbio

Soko la Hisa la Rwanda lilipozinduliwa rasmi Kigali tarehe 31 Januari 2011, na hisa za kiwanda cha bia cha Bralirwa zikaanza kuuzwa, madalali walikutana ukumbini na kutajiana bei kwa sauti. Sauti ya dalali ina sifa moja: haizimiki umeme ukikatika. Nairobi ilikuwa imeshahamia kwenye kompyuta tangu Septemba 2006. Leo anayefanya biashara ya hisa au fedha za kigeni akiwa Nyarugenge au Kacyiru hutegemea mashine, na akiingia dukani swali lake la kwanza ni lile lile: ina kasi gani?

Swali hilo halimsaidii sana. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, na kutoka Kigali hadi London ni zaidi ya kilometa 6,500 kwa mstari ulionyooka. Agizo likienda na jibu likarudi, haipungui milisekunde 65, hata mashine iwe ghali namna gani. Tena njia yenyewe hainyooki: Rwanda haina bahari, hivyo data hupita Uganda na Kenya hadi Mombasa, au Tanzania hadi Dar es Salaam, ndipo izame majini. Mbio hizo Kigali imeshashindwa kwa jiografia. Kinachonunulika ni uimara.

Uimara nao una mitego. Asubuhi ya tarehe 1 Oktoba 2020, memori iliharibika ndani ya kifaa kimoja cha kuhifadhia data cha Soko la Hisa la Tokyo. Kifaa cha pili kilikuwepo, kazi yake ikiwa kupokea zamu. Hakikupokea, kwa sababu mpangilio wa kuhamisha zamu haukuwekwa sawasawa na kitabu cha maelekezo kilikuwa na kosa. Soko zima likasimama kutwa. Mwezi uliofuata mkuu wake, Koichiro Miyahara, akajiuzulu.

Memori huweza kukosea hata bila kuharibika. Chembe kutoka anga za juu ikigonga silikoni yaweza kugeuza sifuri kuwa moja. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa mwaka 2003, mgombea mmoja wa Schaerbeek alizidishiwa kura 4,096, ambazo ni mbili kumi na mbili zikizidishana. Wataalamu walishuku biti moja iliyojigeuza. Biti hiyo ingekaa ndani ya bei ya hati fungani, nani angeiona?

Ndiyo maana seva hutumia memori ya kujisahihisha. Kila biti 64 za data hupewa biti 8 za ukaguzi: biti moja ikikosea hurekebishwa papo hapo, mbili zikikosea mashine hutoa taarifa. Shika memori ya DDR4 mkononi uhesabu vile vipande vyeusi vya upande mmoja. Ya kawaida mara nyingi ina 8, ya kujisahihisha ina 9.

Kigali nayo ina masharti yake. Iko karibu meta 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na haipoozi mashine vizuri kama hewa ya Mombasa ingekuwa na baridi ile ile. Hilo ni dogo. Kubwa ni radi: milima ya Kongo mashariki, upande wa Kabare, ndiko satelaiti zilikohesabu radi nyingi kuliko kwingine kote Afrika, na mawingu hayo hayajui mpaka. UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ya kazi hii iwe ile inayoilisha mashine muda wote, si ile inayosubiri umeme ukatike ndipo izinduke. Betri zake huchoka baada ya miaka michache bila kuaga, kwa hiyo siku soko limefungwa chomoa plagi ukutani uone kitakachotokea.

Halafu kuna fundi. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva zake 8, moja ikasahaulika. Kwa dakika 45 ilipoteza dola milioni 440, na hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Huduma baada ya kununua ni sehemu ya mashine, ingawa dukani huwa haizungumzwi hadi risiti iandikwe.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji kipuri kiko wapi: hapa mjini, Nairobi, au Dubai? Nani atapokea simu saa 3 asubuhi soko likiwa wazi, na waranti inasema atafika baada ya saa ngapi? Kisha weka intaneti ya pili kutoka kampuni inayopitia njia nyingine. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini siku moja, na Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika.

Majibu hayo muuzaji ayaandike kwenye mkataba, si nyuma ya kadi yake ya biashara.