Kabla Kijana Hajapanda Meli

Bahari imewalisha watu wa pwani yetu kwa karne nyingi, na hadi leo vijana wetu wengi hutamani ubaharia. Kwa bahati mbaya, wapo mawakala wanaoifanya tamaa hiyo kuwa mtaji. Sisi katika kamati ya msikiti tumewaona wazazi waliouza shamba, au dhahabu ya mama, ili kijana atafutiwe kazi melini. Lau wangeijua sheria, wasingelipa.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva mwaka 2006 na kuanza kutumika Agosti 2013, unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Anachogharimia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2014.

Mafunzo ni jambo jingine. Mkataba wa mwaka 1978 wa Shirika la Kimataifa la Bahari unamtaka baharia ajifunze kujiokoa majini, kuzima moto, kutoa huduma ya kwanza na kulinda usalama wake na wa wenzake. Ada ya mafunzo hayo hulipwa chuoni, si mkononi mwa wakala. Na anayenunua cheti bila kusoma anahatarisha roho yake na za wenzake.

Kijana asipande meli bila mkataba wa kazi ulioandikwa na kutiwa saini, na nakala yake awe nayo. Mshahara hulipwa kila mwezi, na ana haki ya kuagiza sehemu yake itumwe nyumbani. Apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Chakula ni bure, nacho hutakiwa kizingatie dini yake. Basi asione haya kuuliza kuhusu halali.

Asipolipwa kwa miezi 2, huhesabiwa kuwa ametelekezwa. Tangu mwaka 2017 mwenye meli hulazimika kuwa na dhamana ya kumrudisha baharia kwao na kumlipa malimbikizo ya mshahara hadi miezi 4.

Wazazi wenzetu, wekeni nyumbani nakala ya mkataba, jina la meli, bendera yake na namba yake ya tarakimu 7. Jina na bendera huweza kubadilishwa, lakini namba hiyo haibadiliki. Siku simu ya kijana ikinyamaza, hapo ndipo pa kuanzia kumtafuta.