Fahamu: Kwa nini spika za sebuleni hugoma kusasisha programu

Mei 2024 kampuni ya Sonos ya Marekani ilitoa programu mpya ya simu, na wateja wengi wakashindwa kuziongoza spika zao. Mkuu wake, Patrick Spence, aliomba radhi. Januari 2025 akaachia ngazi.

Hapo kosa lilitoka kwa kampuni. Lakini spika ikigoma kusasisha kwa aliyeko Kyimo, wilayani Rungwe, anayetegemea hotispoti ya simu, kosa laweza kuwa mezani pake. Baadhi ya spika hupokea mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu, ilhali simu huenda inarusha ya 5. Badilisha kwenye mipangilio, sogeza simu karibu, hakikisha bando linatosha.

Hatari kubwa ni umeme. Taa ikipepesa wakati wa kusasisha, huenda spika inaandika programu kwenye kumbukumbu yake. Umeme ukikatika hapo, inaweza isiwake tena. Wingu likitanda Mlima Rungwe na radi zikianza, ahirisha.

Ikigoma kabla ya kuanza kuandika, chomoa waya ukutani dakika moja, kisha jaribu upya. Modeli nyingine hukubali faili kwa flashi, kutoka tovuti ya mtengenezaji. Soma namba ya modeli iliyoandikwa kwenye spika, herufi kwa herufi: faili la modeli nyingine linaweza kuiua.